Mlango wa Moyo Unapoanza Kukwama



Hebu fikiria shule yoyote ya bweni pale Njombe. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, filimbi imeshalia na ukungu bado umeshika miti ya paini. Wanafunzi wako kwenye mchakamchaka. Yupo mmoja, tuseme wa kidato cha pili, ambaye kila siku anabaki nyuma. Mwaka jana alikimbia na wenzake hadi juu ya kilima. Muhula uliopita akawa anapanda kwa kutembea. Siku hizi akifika katikati anachuchumaa, anashika kifua na kuhema kama aliyebeba gunia la viazi. Wenzake wanasema, "Anatega huyo!" Kiranja anaandika jina lake.

Inawezekana kweli anatega. Lakini inawezekana pia kwamba mlango mmoja ndani ya moyo wake umeanza kukwama, na kwamba amechelewa miaka kadhaa kupata sindano ambayo ingeuzuia usiharibike. Somo letu la leo linahusu ugonjwa huo. Lisome hata kama wewe unakimbia vizuri, maana huenda aliyeko kitanda cha jirani yako ndiye anayelihitaji.

MOYO NA MILANGO YAKE

Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi yako. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu hupita humo kwa kufuata njia moja tu, haitakiwi kurudi ilikotoka. Kazi ya kuizuia isirudi hufanywa na milango minne midogo inayoitwa valvu. Kwa kuwa moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, milango hiyo nayo hufunguka na kufunga mara 100,000 kila siku, usiku na mchana, bila likizo.

Mlango unaoharibika zaidi katika ugonjwa tunaouzungumzia ni ule ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Madaktari huuita valvu ya mitrali, kwa sababu umbo lake linafanana na kofia ya askofu. Una mapande mawili membamba, laini.

Sasa fikiria mlango wa jiko uliotengenezwa kwa mbao mbichi. Masika yakiingia, mbao zinavimba na kupinda. Mlango huo unaweza kukusumbua kwa namna mbili. Ama haufunguki vizuri, inabidi uusukume kwa bega. Ama haufungi vizuri, upepo unapita. Valvu nayo ni hivyo hivyo. Inaweza kubana, damu ikapita kwa shida, au inaweza kuvuja, damu ikarudi nyuma. Wengine wana matatizo yote mawili kwa pamoja.

Valvu ya mitrali yenye afya ya mtu mzima hufunguka kiasi cha sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikibana hadi kufikia 1.5 au chini ya hapo, madaktari huhesabu kuwa imebana sana. Damu inayokosa njia hurundikana nyuma yake, na nyuma ya valvu hiyo ndiko yaliko mapafu. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo hulalamika kwamba anakosa pumzi.

UGONJWA UNAANZIA KOONI

Pengine utashangaa kusikia kwamba safari ya kuharibika kwa mlango huo huanza na maumivu ya koo, yale tuliyozoea kuyaita tonsesi. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A ambaye hupenda kukaa kooni, hasa kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 15. Mwili hutengeneza askari wa kumpiga. Kwa baadhi ya watu askari hao huchanganyikiwa. Wakishammaliza bakteria, wanageukia mwili wenyewe na kushambulia viungo, ngozi, ubongo na valvu za moyo. Hali hiyo huitwa homa ya baridi yabisi, nayo hujitokeza wiki 2 hadi 4 hivi baada ya koo kuuma. Kufikia hapo koo limeshapona na hakuna anayelikumbuka.

Dalili zake ni hizi:

1. Homa, pamoja na maumivu na uvimbe wa viungo vikubwa kama magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vifundo vya mikono. Maumivu huhama. Leo goti, keshokutwa kiwiko.

2. Moyo kwenda mbio, kifua kuuma au kukosa pumzi.

3. Mikono, miguu au uso kuchezacheza bila hiari ya mtu. Mwandiko unaharibika, kikombe kinamponyoka. Wengi hukimbilia kusema amepandwa na mapepo au amerogwa, kumbe ni ugonjwa unaotibika hospitali.

4. Vivimbe vidogo visivyouma chini ya ngozi, au mabaka yenye umbo la duara mwilini. Hizi hazitokei mara nyingi.

Viungo hupona vyenyewe bila kuacha kilema, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mzazi anasema, "Alikuwa anakua tu huyu, mifupa inanyooka." Moyo, lakini, hausahau. Kila koo likishambuliwa tena na bakteria yule yule, homa ya baridi yabisi inaweza kurudi, na kila ikirudi valvu hupata kovu jingine juu ya lile la kwanza.

JE, NI BARIDI YA NJOMBE?

Jina "baridi yabisi" limewachanganya watu wengi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai kila mtu anaijua baridi yake. Basi mtu akiumwa viungo anaambiwa, "Vaa sweta, kunywa chai ya tangawizi." Sweta ni zuri, na chai pia. Lakini baridi peke yake haiharibu valvu.

Angalia ushahidi. Norway na Sweden zina baridi inayoishinda Njombe mbali kabisa, lakini ugonjwa huu umekuwa adimu huko. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna joto, na bado ugonjwa huu unawapata watoto wengi. Tofauti ni nini? Ni msongamano katika nyumba na umbali wa tiba. Bakteria husafiri kwa matone ya mtu anayekohoa, anayepiga chafya au anayeongea karibu nawe. Mkilala wengi kwenye chumba kimoja, vitanda vimebanana na madirisha yamefungwa usiku kucha, mmoja akiugua koo wengine wanafuata. Baridi ina kosa hilo moja tu, kwamba inatufanya tufunge madirisha na kubanana.

Kwa hiyo bweni lenu linaweza kujikinga. Acheni nafasi kati ya vitanda, lazeni vichwa pande tofauti kwa vitanda vinavyogusana, fungueni madirisha mchana, nawa mikono, na usichangie kikombe na mwenye koo.

KOO LIKIUMA UFANYE NINI?

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na hupona yenyewe. Hayo mara nyingi huja na mafua, kikohozi na sauti kukauka. La bakteria huanza ghafla, kumeza kunauma sana, homa inapanda, tezi za chini ya taya zinavimba, na mara nyingi hakuna mafua wala kikohozi. Hata hivyo usijipime mwenyewe kwa kubahatisha. Nenda zahanati ukaangaliwe.

Daktari akikuandikia penisilini, inaweza kuwa sindano moja au vidonge vya siku 10. Vidonge vimalize vyote, hata kama koo limepoa siku ya tatu. Tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi kwa sehemu kubwa. Siku 9 ni nyingi, usizipoteze kwa kusubiri.

Na lile la kukata kimeo? Tafadhali, usikubali. Kukata kimeo hakumuui bakteria, hakukingi moyo, na kunaweza kukuletea kutokwa damu nyingi, pepopunda au maambukizi mengine.

UNAVYOZIDI POLEPOLE

Ugonjwa huu una tabia ya kunyemelea. Mwanzoni hakuna dalili yoyote. Mtu anacheza mpira, anachota maji, anafaulu mitihani. Daktari akiweka chombo chake cha kusikilizia kifuani anaweza kusikia mlio usio wa kawaida, kama maji yanayopita kwenye bomba lililobana. Wakati mwingine hata mlio hausikiki, na ni kipimo cha eko pekee kinachoonyesha valvu imeanza kunenepa. Eko hutumia mawimbi ya sauti, sawa na kile kipimo cha akina mama wajawazito. Hakiumi.

Baadaye pumzi inaanza kupungua. Angalia mpangilio huu, maana ndivyo wagonjwa wengi wanavyoupitia: kwanza anakosa pumzi akikimbia, kisha akipanda kilima, kisha akitembea tambarare, kisha akivaa nguo tu. Usiku anashindwa kulala chali, anaongeza mto wa pili, wa tatu. Anaamka akikohoa. Moyo unadunda bila mpangilio. Miguu inavimba jioni. Hatari nyingine ni damu kuganda ndani ya chumba cha moyo kilichotanuka, kisha bonge kwenda kichwani na kumletea kiharusi kijana ambaye hajafika hata miaka 25.

Hatua hizo zinaweza kuchukua miaka mingi. Kwa wengine, hasa wanaopata homa ile mara kwa mara, zinakuja upesi, wakiwa bado shuleni. Mtu huzoea. Anaacha mpira, anasema hapendi tena. Anachagua kukaa dawati la karibu na mlango ili asitembee sana. Kwa hiyo ukitaka kujua kama hali inazidi, usijiulize tu "Leo najisikiaje?" Jiulize, "Mwaka jana wakati kama huu niliweza kufanya nini ambacho sasa siwezi?" Jibu liandike, umpelekee daktari.

SINDANO YA KILA WIKI 4

Kovu la valvu halifutiki kwa dawa. Lakini makovu mapya yanazuilika, na hii ndiyo habari njema ya somo letu. Mgonjwa hudungwa penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini, iitwayo benzathini, kila baada ya wiki 3 au 4. Bakteria wa kooni hapati nafasi, homa hairudi.

Wenzetu wa Uganda wametupatia ushahidi mzuri. Katika eneo la Gulu walichukuliwa watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao eko ilionyesha valvu zimeanza kubadilika lakini wao wenyewe hawakujisikia lolote. Waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa sindano kila wiki 4 kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwenye fungu la sindano, valvu za watoto 3 tu zilizidi kuharibika. Kwenye fungu lisilopata sindano walikuwa 33. Tofauti hiyo si ndogo!

Sindano huendelea kwa miaka mingapi? Daktari ataamua kulingana na hali ya valvu. Kwa wengi ni angalau miaka 10 au hadi wafike miaka 21. Ambao valvu zao zimeharibika sana wanaweza kuendelea hadi miaka 40 au zaidi. Inauma, hatukufichi, na paja au tako linaweza kuuma siku mbili. Kula na kunywa maji kabla ya kwenda, na ukae au ulale wakati wa kudungwa. Kama uliwahi kupata vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya penisilini, sema kabla ya kudungwa. Na kama moyo umeshadhoofika sana, daktari anaweza kuona vidonge vinakufaa kuliko sindano.

TAHADHARI YA LIKIZO

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea hesabu. Wiki 4 ni siku 28, haziwi mwezi kamili. Ukidungwa Machi 3, zamu inayofuata ni Machi 31, na nyingine ni Aprili 28. Ukingoja "tarehe 3 ya kila mwezi" unachelewa, na siku za kuchelewa zinaongezeka kila mara.

Tatizo la pili ni likizo. Unasoma Njombe, kwenu ni Makambako, kilomita kama 60. Kadi ya kliniki umeiacha kwa matroni. Shule imefungwa Juni, siku yako ya sindano inaangukia katikati ya likizo, nawe uko stendi ya Makambako unamsaidia mama kuuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa Mbeya, Songea na Dar es Salaam. Sindano moja imepita. Ya pili utaikumbuka ukirudi. Huo ndio mwanya anaousubiri bakteria.

Fanya hivi. Kadi ni mali yako, safiri nayo. Kabla ya kufunga shule hesabu siku 28 na uzungushie tarehe kwenye kalenda. Mwombe muuguzi akuandikie kipande cha karatasi chenye jina la dawa, kipimo na tarehe, ukipeleke kituo cha afya cha karibu na nyumbani. Uliza mapema kama dawa ipo, usisubiri hadi siku yenyewe.

KUISHI NAYO SHULENI

Mwambie matroni au patroni na mwalimu wa darasa. Siri hii haikusaidii. Wakijua, hawatakuadhibu kwa kubaki nyuma, na ukianguka watajua la kufanya.

Michezo usiiache wala usiilazimishe kabla ya kumuuliza daktari. Wenye tatizo dogo wanaweza kucheza karibu kila kitu. Wenye valvu iliyobana sana hawafai kushindana mbio wala kubeba ndoo za maji kupanda kilima.

Piga mswaki asubuhi na usiku. Bakteria wa jino bovu wanaweza kuingia kwenye damu na kwenda kuota kwenye valvu yenye kovu, na ugonjwa huo unaua. Ukienda kung'oa jino, mweleze daktari wa meno habari za moyo wako.

Punguza chumvi, hasa kama miguu inavimba. Usiongeze chumvi mezani.

Na wewe mwenzake, ugonjwa huu hauambukizi. Lala naye bweni moja, kula naye. Siku yake ya sindano mkumbushe, na ndoo yake mbebee.

KWA WASICHANA

Somo hili huwa linasahaulika, na linagharimu maisha. Mwanamke akiwa mjamzito damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Mlango uliobana, ambao ulikuwa unajikongoja, hushindwa kuipitisha. Wapo wasichana ambao hugundua ugonjwa wao kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba ya miezi sita, pumzi zikiwa zimekwisha.

Ujumbe wetu si kwamba hutazaa kamwe. Wengi huzaa salama, ila kwa kupanga. Muone daktari kabla ya kushika mimba, valvu ipimwe, na kama inahitaji kurekebishwa irekebishwe kwanza. Hadi hapo zungumza na muuguzi kuhusu njia ya uzazi wa mpango inayomfaa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Zipo dawa za moyo zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, basi mweleze daktari mapema.

MLANGO UKISHINDIKANA

Valvu ikibana sana, wakati mwingine daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, akajaza puto dogo na kuutanua mlango, bila kupasua kifua. Valvu nyingine hurekebishwa kwa upasuaji, nyingine hutolewa na kuwekwa mpya. Mpya ni za aina mbili. Ya chuma hudumu sana, lakini lazima umeze dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, maisha yako yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Mboga kama mchicha na chainizi huathiri dawa hiyo. Usiziache, ila kiasi chako kisipandepande na kushukashuka. Aina ya pili hutengenezwa kwa nyama ya mnyama. Hiyo kwa kawaida haihitaji warfarini maisha yote, lakini kwa kijana huchakaa mapema.

Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam, inayofanya matibabu haya. Kutoka Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na safari huanzia karibu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au mji, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, ambako utapata barua ya rufaa. Kama fedha ni tatizo, ulizia bima ya afya na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Usirudi nyumbani kimya.

JIPIME

1. Dada yako alivimba goti wiki iliyopita, leo goti limepona na kiwiko kinauma, ana homa. Utamwambia "anakua"?
2. Umedungwa Mei 5. Sindano ya wiki 4 ni tarehe ngapi?
3. Rafiki yako anasema, "Nimejisikia vizuri mwaka mzima, naacha sindano." Utamjibuje?

Majibu: (1) Hapana. Apelekwe kituo cha afya leo, na aulizwe kama koo liliuma wiki chache zilizopita. (2) Juni 2. (3) Mwambie amejisikia vizuri kwa sababu sindano zinafanya kazi, kisha msindikize kliniki.